Kasoro Kumi na Tano

Jumapili, Michenzani. Novemba, na vuli imegoma.

Jua la leo halina haya, limeingia mpaka chini ya kitanda. Mawingu yanakuja asubuhi, yanatuchungulia, halafu yanakwenda zao bara. Nimekaa sakafuni kwa sababu sakafu ndiyo kitu pekee chenye baridi humu ndani. Magotini nna koti jeupe la maabara ambalo si langu, na mkononi nna sindano. Nafumua herufi moja mfukoni mwake.

Kesho saa mbili asubuhi natakiwa niwe Tunguu, chuoni. Wiki nne ndani ya maabara yao. Nafasi ilikuwa moja kwa skuli zote zilizoshiriki maonesho ya sayansi, na nimeipata mimi. Watu wamenipongeza mpaka nimechoka kusema ahsante.

Nimeipata kwa kunyamaza.

Nyinyi mnaosoma blogu hii, mlio tisa kwa hesabu yangu, mnajua kwamba mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa jambo ninalolijua, koo linajifunga kama mlango wenye upepo. Kwa hiyo naandika. Na leo naandika jambo ambalo kwa mdomo singeliweza hata kwa bibi yangu, ambaye yuko chumba cha pili anasubiri alasiri.

Kwanza nieleze ile kazi, maana bila hiyo hamtaona ubaya ulipo.

Zile paneli za buluu mnazoziona juu ya mapaa ni za silikoni. Kuna madini mengine yanaitwa perovskiti, membamba sana, ambayo watu duniani wanatafuta namna ya kuyafanya yashike jua kwa nguvu zaidi. Mimi na Nasra tulichagua perovskiti isokaboni: sesiamu, risasi na iodini, basi. Zile zilizochanganywa na molekuli za kikaboni huharibika upesi kwa joto, na kisiwa hiki kwa joto hakijambo. Bibi aliposikia risasi aliuliza tunataka kumpiga nani. Nikamwambia risasi hii ni madini. Akasema na ile ya bunduki ni madini vilevile.

Hatukutengeneza seli yoyote ya jua kwa mikono. Skuli yetu haina hata mzani unaosema kweli. Tulifanya kwa kuiga kwenye kompyuta: unaijenga seli kwa tarakimu, tabaka juu ya tabaka, unaiambia programu unene wa kila tabaka, unaiwashia jua, na inakwambia ni asilimia ngapi ya mwanga imegeuka umeme. Halafu unabadilisha tarakimu moja na kuanza upya. Wakati wa mapumziko wenzangu walipokuwa wakila urojo getini, mimi nlikuwa chumba cha kompyuta nikiongeza unene, nanomita hamsini, hamsini nyengine, mpaka seli ikashiba na kuongeza kukawa hakuna faida.

Kilichobaki kikawa kasoro.

Kila kristali ina kasoro, mahali ambapo chembe imekosekana au imekaa si pake. Elektroni ikipita hapo inanaswa, na umeme wake unapotea. Kasoro zikiwa nyingi, seli inakufa njaa huku jua linaiwakia. Unaiandikia programu kasoro ngapi ziko katika kila sentimita moja ya ujazo. Ni nyingi mno kuandika sifuri zote, kwa hiyo unaandika kipeo tu, yaani idadi ya sifuri. Kumi kwa kipeo cha kumi na sita ilinipa seli mbovu. Kwa kipeo cha kumi na tano ilinipa asilimia kumi na saba na ushei, na nlifurahi nikacheka peke yangu mle ndani, mpaka mlinzi akaja kutazama.

Daftarini nikaandika: *kasoro 15*.

Mimi hesabu nlianza kuzisoma kwa Kiswahili, skuli ya serikali, na kwangu tarakimu iliyo chini ya sifuri inaitwa hasi. Ndivyo tulivyofundishwa. Nasra kwao Mbweni alipelekwa skuli ya Kiingereza tangu chekechea. Hakuna siku aliyosoma hesabu kwa Kiswahili. Kasoro anayoijua yeye ni ya saa ya ukutani: saa mbili kasoro dakika kumi, saa nane kasoro robo. Kasoro kwake ni kutoa.

Sasa mnaona.

Lakini nisikimbilie huko. Niseme kwanza kwa nini nlikuwa na uchungu naye, ingawa haunitetei.

Nasra ni rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, tukisoma juzuu ya kwanza kwenye mkeka mmoja. Ana sauti. Akiingia mahali watu wanageuka, na si kwa uzuri tu. Mwalimu Haji, wa fizikia, alipotuambia kwamba kila skuli itatoa mtu mmoja wa kuwasilisha, na kwamba mwenye kuwasilisha vizuri ndiye majaji watamfikiria kwa ile nafasi ya Tunguu, nliinua mkono. Mkono wangu. Sijui ulipanda vipi. Mwalimu akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko tusi.

"Wewe kazi yako ushaimaliza, mwanangu," akasema. "Ukisimama wewe, majaji watasinzia."

Darasa likacheka. Nasra naye akacheka, kicheko kidogo cha kuficha kwa mkono, lakini nlikiona. Na jioni ile kwenye kundi letu la simu mtu akamuuliza mbona mwenzake hawasilishi, akajibu: "Mimi balbu, Mwana betri. Ushaona mtu akiisifu betri?"

Mwana ndiye mimi. Vicheko vikafuata, vingi. Na mimi nikaweka kicheko changu. Kialama cha uso unaotoa machozi kwa kucheka.

Nliuhifadhi ule ujumbe. Nliusoma kila siku kama dawa, kutwa mara tatu.

Siku chache kabla ya maonesho nikashikwa na homa, nikalala siku mbili. Nasra akalichukua daftari langu ili aendeshe programu mara ya mwisho na kutoa grafu za bango. Siku ya pili, mchana, simu ikalia. Alikuwa amenitumia picha ya kioo cha kompyuta.

"Mwana! Ishirini na tisa! Tumeshinda dunia!"

Nliikuza ile picha kwa vidole viwili. Pale kwenye kasoro pamesimama kistari kimoja kidogo, kifupi kuliko ukucha wa mtoto. Kumi, kwa kipeo cha hasi kumi na tano. Programu haikukataa. Programu haikatai kitu, ukiiambia jua linatoka magharibi itakuchorea na grafu yake.

Nlijua palepale. Sikuhitaji hata kukaa kitandani. Nlijua kilichotokea, nlijua kwa nini, na nlijua kwamba jaji yeyote mwenye akili atakiona. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya herufi. Vikaandika neno moja.

"Mashaallah."

Neno zuri kuliko yote tuliyonayo la kumkinga mtu na jicho baya, na mimi nimelitumia kuwa jicho lenyewe.

Siku nne nlikuwa nazo za kumwambia. Siku nne nzima. Akifanya mazoezi mbele yangu baada ya vipindi, mimi nikishika simu kumhesabia dakika. Akifika kwenye kasoro anasema kwa madaha, "tukaiweka kasoro kumi na tano," na kila mara nasikia vizuri kwamba neno lile linapita salama, kwa sababu kwa mdomo kosa lake na ukweli wangu vinatamkwa sawasawa. Akiniuliza nimeionaje nasema polepole kidogo pale mwanzo, au usitikise mkono. Nlimrekebisha kila kitu isipokuwa kile.

Asubuhi ya maonesho ushungi wake ulikuwa unateleza, akaniomba nimfungie. Nlimfunga vizuri sana, pini mbili, moja nyuma ya sikio. Nlitaka apendeze. Nimejiuliza tangu Alhamisi kwa nini nlitaka apendeze, na jibu nnalo.

Ukumbi wa Tunguu ulijaa. Nasra alisimama akawasalimu majaji shikamoo kwa mpigo, wakacheka kwa kumpenda, na akaanza. Alikuwa mzuri jamani. Hata mimi nlisahau kidogo. Alipoonesha ile ishirini na tisa ukumbi ukapiga makofi, ila jaji mmoja, Daktari Zuwena, mwanamke mwembamba wa miwani, hakupiga. Yeye ndiye mwenye ile maabara.

Akauliza kwa upole, kasoro za kwenye kristali mmeweka ngapi?

"Kasoro kumi na tano, Daktari."

"Kasoro hapo ni jina, au ni kutoa?"

Nasra hakumfahamu. Akatabasamu, akarudia vilevile. Daktari akamwomba afungue faili kwenye kompyuta, na kile kistari kikatokea ukutani, kikubwa kama ubao wa mlango.

Daktari Zuwena akavua miwani. Nadhani hakukusudia ukatili. Alikuwa mwalimu anayefundisha, basi, na waalimu hawajui wanapoua.

"Mwanangu, unajua hii maana yake nini? Chukua kristali moja, uifunike Mji Mkongwe wote, halafu uipandishe juu kilomita nzima. Ndani yake utapata kasoro moja. Moja tu. Mmeichimba wapi hiyo, peponi?"

Ukumbi ukapasuka.

Na kutoka nyuma, kwenye viti vya skuli nyengine, mtu akapaza sauti: "Kasoro kumi na tano, ya asubuhi au ya jioni?"

Basi hapo hata majaji walicheka. Daktari akaendelea, kwamba ishirini na tisa kwa madini haya imepita dari ambalo fizikia yenyewe imeliweka, kwamba mtu akiona jibu zuri kupita kiasi lazima alitilie shaka kabla ya kulitangaza. Nasra hakuwa akisikia tena. Aligeuka akanitazama. Hakunilaumu. Alinitazama kama mtu aliyeteleza kisimani anavyomtazama mtu wa ukingoni.

Daktari akayafuata macho yake. "Wewe mwenzake. Uliliona hili kabla?"

Nlisimama. Nlisubiri koo lijifunge, kama lilivyonizoesha tangu nikiwa mdogo. Halikujifunga.

"Sikuliona, Daktari."

Wazi. Hata mstari wa nyuma walisikia. Mara yangu ya kwanza katika umri wangu kusema mbele ya watu bila kutetemeka, na ni uongo.

Halafu nikafanya jambo ambalo ndilo linalonikosesha raha kuliko uongo wenyewe. Nikatoa daftari mkobani. Nlikuja nalo. Ukurasa wa ile asilimia kumi na saba na ushei nlishauwekea alama kwa kibanio cha nywele tangu nyumbani, na grafu zake nlizichapisha, nikazikunja katikati. Nani anayekwenda kukaa tu kwenye kiti akabeba vitu hivyo? Nikawaeleza. Kasoro hapa ni jina, Daktari, mwenzangu alidhani ni kutoa. Nikaeleza kipeo cha kumi na sita, kipeo cha kumi na tano, unene, yote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na maneno yalikuwa yanatoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Nasra akabaki amesimama pembeni ya bango, mikono ameishusha, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Mimi ndiye nliyekuwa karibu naye. Na mimi sikumwambia.

Waliponitaja jina, Mwalimu Haji alikuja akanipa mkono, akasema, "Kumbe sauti unayo."

Nlipenda. Lazima niliandike hilo, la sivyo hii yote ni kujipamba. Nlipenda yale makofi, nlipenda uso wa Mwalimu Haji, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nlipenda na mikono ya Nasra ilivyoning'inia.

Njiani kurudi wenzetu walishampa jina. Bi Kasoro. Kufika mjini kulikuwa na stika kwenye simu, uso wake ndani ya saa ya ukutani, mishale inatoka puani. Mtu kaandika: "Nasra, kasoro akili." Wale wale waliocheka betri. Nasra akajitoa kwenye kundi bila neno. Ijumaa hakuja skuli. Mie nlikuja, na msichana ambaye hajawahi kunisemesha akanipa nusu ya andazi lake.

Jana mchana mlango ukagongwa. Hodi yake naijua, mbili za haraka na moja ya uvivu. Nlitamani kujificha, lakini Bibi alishaitikia karibu. Nasra alikuwa amepanda ghorofa zote nne za blok yetu kwenye jua lile, mkononi ana mfuko. Macho yamevimba. Akamwamkia Bibi, Bibi akasema marahaba mwanangu, mbona umekonda, akatuachia chumba.

Akakaa pale pale nilipokaa mimi sasa hivi. Nlijua amekuja kuniuliza. Nlijitayarisha kwa ngumi, kwa kilio, kwa lolote.

"Nisamehe, Mwana," akasema. "Kazi yako ya miezi yote, nikaiharibu kwa sababu ya kiherehere changu. Ningekuuliza tu ile kasoro ni nini. Nliona haya kuuliza, mtu nisijue Kiswahili."

Mimi macho kwenye mfuko wake.

"Na ile ya betri. Nliiandika kwa mzaha, halafu nikaona umecheka, nikasema hajali. Nisamehe na hiyo."

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Hata mtu bubu angepita. Nlikuwa na maneno matatu tu ya kusema: nliona, Nasra, nikanyamaza.

Nikamwambia, "Nshakusamehe."

Akanikumbatia, akalia begani mwangu mpaka kanga ikarowa. Na mimi nikampigapiga mgongo, taratibu, kama mkubwa.

Kisha akafungua ule mfuko, akatoa koti jeupe. Mama yake alimshoneshea mapema, kwa ile imani ya wazazi, akamtarizia na herufi ya N mfukoni kwa uzi wa buluu. Akasema hana pa kulivaa, na mimi nitakwenda maabara na nini, na dera? "Fumua uzi tu," akasema. "Tunalingana mabega."

Tunalingana kweli. Nimelijaribu.

Ndiyo kazi niliyokuwa nayo tangu asubuhi. Uzi umetoka wote, uko hapa sakafuni, buluu, kama nywele za mwanasesere. Lakini matundu ya sindano yamebaki kwenye kitambaa. Ukilielekeza koti dirishani, jua linapita kwenye matundu na N inasomeka vizuri zaidi kuliko ilipokuwa na uzi. Nimelifikicha kwa ukucha. Nimelilowesha. Inasomeka.

Nasra husoma blogu hii. Kati ya tisa, yeye ni wa kwanza kila mara, kabla hata sijarekebisha makosa ya kuchapa. Nikibonyeza, atasoma kabla ya Magharibi. Daktari Zuwena atasoma pia, kwa sababu mtu atampelekea, watu hawakosi. Kesho pengine nafasi haitakuwepo. Kundi litapata stika nyengine, na uso utakuwa wangu, na itakuwa halali yao.

Nimejaribu kujidanganya kwamba kuandika ni sawa na kusema. Si sawa. Huku ni kunyamaza kwa maneno mengi. Kwa hiyo nikishabonyeza nitalikunja koti, nitakwenda Mbweni leo leo, nimwambie yale maneno matatu mbele ya uso wake, hata kama atakuwa ameshayasoma. Na kesho saa mbili nitasimama Tunguu bila koti, nimwambie Daktari kwamba nliliona.

Bibi anaita kutoka chumba cha pili. Naam, Bibi. Anauliza saa ngapi, saa yake ya ukutani hawezi kuiona bila miwani.

Nimeitazama kupitia mlangoni. Mshale mrefu umelala juu ya tisa.

"Saa kumi kasoro," nimemwambia, na koo likajifunga.

"Kasoro ngapi, we mtoto? Sema, wakati unapita."